Karantini bila takwimu ni amri tu

Makamanda, juzi jioni tukipunga upepo hapa Raskazone liliibuka swali: ukizuka ugonjwa, nani anaamua tufungiwe siku ngapi, na kwa hesabu gani? Mmoja akajibu, "Si serikali ndiyo inajua!" Sawa. Ila inajuaje?

Hesabu yenyewe haitishi. Mwaka 1927 Kermack na McKendrick waliwagawa watu mafungu matatu: wanaoweza kuambukizwa, wanaoambukiza, na waliopona au kufa. Kila mgonjwa akiambukiza 3, mmoja anazaa 3, 9, 27, 81, na raundi ya tano 243. Mkiwatenga mapema hadi kila 10 waambukize 8 tu, wagonjwa 100 wanashuka 80, 64, 51, na ugonjwa unazimika. Kazi ya karantini ni hiyo: kushusha namba chini ya 1. Lakini namba hiyo haipatikani kwa ramli. Inatoka kwa wagonjwa waliohesabiwa.

Sasa kumbukeni. Mei 2020 nchi yetu iliacha kutoa takwimu za korona, tukagandia kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Januari 14, 2025 WHO ikatoa taarifa ya washukiwa wa Marburg Kagera. Wizara ikasema vipimo havikuonyesha. Januari 20 Rais akathibitisha. Kwa ugonjwa ambao aliyekutana na mgonjwa hufuatiliwa siku 21, siku sita si mchezo.

Na msiniambie haiwezekani. Machi 2023 serikali hiyo hiyo ilitangaza Marburg Kagera, ikatoa namba, na Juni 2 mlipuko ukatangazwa kwisha: wagonjwa 9, vifo 6. Nawapongeza. Uwazi ulisaidia.

Mimi nasoma sheria, sipingi karantini. Ibara ya 17 ya Katiba inatupa uhuru wa kwenda tutakako, na ibara ya 30 inaruhusu kuubana kwa ajili ya afya ya jamii. Ila ibara ya 18 inatupa haki ya taarifa. Mama muuza samaki wa Deep Sea akiambiwa akae ndani siku 21, watoto watakula nini? Angalau aoneshwe hesabu.

Kwa hiyo tudai sheria iilazimishe Wizara kutangaza namba kila siku ya mlipuko, pamoja na hesabu iliyozaa kila amri ya karantini. Mbebeni hoja hii kwenye matawi yenu. Wahenga walishasema: mficha maradhi, kifo humuumbua.