Tafakari ya Juma: Je, Ni Dhambi Kuihofia Kesho?



Juma hili tunatafakari Mathayo 6:25-34, pale Bwana wetu anapotuelekeza tuwatazame ndege wa angani na maua ya kondeni, na kutukataza kuisumbukia kesho. Ni maneno yasomwayo mara nyingi, na mara nyingi hutumiwa vibaya. Mama asiyejua watoto watakula nini jioni huambiwa, "Usijali, Mungu yupo," kisha tunampita. Mtume Yakobo alikwisha kutuonya (Yak 2:15-16) kwamba kumtakia heri mwenye njaa bila kumpa chochote hakumfai kitu.

Sisi wa Manundu tunaijua hofu ya kesho. Korogwe yetu ililelewa na mkonge, mmea ulioletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge, na mashamba ya Tanga yalilisha maelfu ya familia. Ni nani aliyedhani wakati ule kwamba riziki hiyo ingetikisika? Lakini nyuzi za viwandani ziliteka soko la dunia, bei zikaanguka, na mashamba mengi yaliyotaifishwa mwaka 1967 yakakosa matunzo. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 30,000. Ingawa zao hili limeanza kuinuka tena, wazee wetu hawajasahau jinsi tegemeo la mji mzima linavyoweza kunyauka.

Je, Bwana anatutaka tukae tu tukingoja? Hasha! Yusufu aliweka akiba ya nafaka miaka saba kabla ya njaa (Mwa 41), na kitabu cha Mithali kinamtuma mvivu akajifunze kwa chungu. Hata apandaye mkonge hungoja miaka kama mitatu kabla ya kukata majani ya kwanza. Asiyeifikiria kesho hawezi kuupanda. Anachokataza Bwana ni ile hofu inayomtawala mtu hata asione tena njia wala jirani. Hofu hiyo ndiyo inayotupeleka kwenye mikopo ya kausha damu, kwenye kubeti fedha ya unga, na kwa wapiga ramli usiku. Tumekimbia shida ya kesho, tukaiongeza shida ya leo.

Tuangalie basi mahali Bwana alipoliweka neno hili. Linafuata mara baada ya onyo kwamba haiwezekani kumtumikia Mungu na mali pamoja (Mt 6:24). Tena anasema na wengi: hasemi "wewe", anasema "ninyi". Na katika sura hiyohiyo ametufundisha kuomba mkate wetu wa leo. Hakutufundisha kuomba mkate wangu. Mwishoni anatuagiza kuutafuta kwanza Ufalme wa Mungu na haki yake. Kwa maoni yetu, hapa ndipo penye ufunguo. Baba wa mbinguni anayewalisha ndege hupenda kuwalisha watoto wake kwa mikono ya watoto wake. Ambapo haki haipo, maskini hubaki na wasiwasi wake peke yake, nasi tunamlaumu kuwa hana imani.

Maaskofu wa AMECEA walipozipa kipaumbele Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo mwaka 1976, hawakukusudia ziwe za kusali rozari tu. Tunaziomba jumuiya zetu juma hili zijiulize: nani miongoni mwetu halali usingizi kwa sababu ya deni, karo au ugonjwa? Je, mfuko wetu unaweza kumkopesha bila riba? Mwajiri Mkristo naye ajiulize kama kibarua wake amelipwa kwa wakati, maana mshahara uliocheleweshwa ni wasiwasi tuliomtwisha mwenzetu. Na jirani yetu Mwislamu mwenye shida asisahauliwe, kwa kuwa mvua ya Mungu haichagui shamba.

Ndipo tutakapoweza kumwambia mwenzetu bila aibu amtwike Bwana fadhaa zake zote (1Pet 5:7), kwa sababu ataona mikono ya kuipokea.

Mungu awabariki nyote. Tumsifu Yesu Kristo!