Usipoziba Ufa: Mradi wa Mwanafunzi na Tathmini katika Somo la Kiswahili

Wahenga waliponena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta, yamkini hawakuwa na darasa la lugha akilini. Hata hivyo, methali yao inaliafiki darasa hilo barabara. Udhaifu wa mwanafunzi katika sarufi au katika kupanga hoja ni ufa mdogo maadamu rasimu ya kwanza ingali mkononi mwake. Kazi hiyo ikishapewa alama na kufungiwa kabatini, ufa hugeuka ukuta ulioporomoka. Swali ni hili: je, miradi wanayopewa wanafunzi wa Kiswahili ni chombo cha kuziba ufa, au ni mtihani mwingine uliovishwa kanzu mpya?

Mnamo 1967, Michael Scriven alitofautisha tathmini ya kujenga na tathmini ya kuhitimisha. Ya kwanza hufanywa kazi ikiwa inaendelea ili iboreshwe. Ya pili hufanywa kazi ikiisha ili itolewe hukumu. Paul Black na Dylan Wiliam, katika maandishi yao ya 1998, walishikilia kwamba tathmini huwa ya kujenga pale tu ambapo yaliyobainika yanatumiwa kurekebisha mafundisho yenyewe. Kwa msingi huu, istilahi 'tathmini endelevu' inaweza kupotosha. Mwalimu anayetoa jaribio kila Ijumaa na kujaza alama daftarini anaendelea kutathmini, lakini hajengi chochote.

Historia ya somo hili nchini Kenya inadhihirisha pengo lililopo. Katika mfumo wa 8-4-4, Kiswahili cha KCSE hutahiniwa kwa karatasi tatu zenye alama 40, 80 na 80, zote zikiandikwa ndani ya chumba cha mtihani. Masomo ya Kilimo na Kompyuta yana miradi, Kiswahili hakina. Matokeo yake ni kinaya: mtahiniwa anaweza kueleza kinaganaga mbinu za kukusanya fasihi simulizi nyanjani ilhali hajawahi kumkalia mzee mmoja kitako akamsikiliza akitamba ngano.

Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa katika madarasa ya chini mwaka 2019, ulifungua mlango. Tathmini ya Gredi ya 6, KPSEA, ilipofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2022, asilimia 60 ya alama ilitengewa tathmini za shuleni katika Gredi za 4, 5 na 6. Hatua hii ni ya kupongezwa. Lakini mlango huo huo umeingiza tatizo. Kila kazi inapozaa alama ya kupelekwa kwa Baraza la Mitihani, kila mtu huikimbilia alama. Mzazi huketi usiku kumaliza mradi wa mwanawe, naye mwalimu huupokea asubuhi akijua fika kuwa mkono ulioushughulikia si wa mtoto. Mradi umefanyika na alama imeandikwa, ila Kiswahili cha mwanafunzi kimebaki palepale.

Dawa si kuiondoa miradi, bali ni kuisoma kabla haijakamilika. Chukua mfano wa mwanafunzi wa sekondari jijini Nairobi anayetakiwa kuchunguza sajili ya sokoni katika soko la Gikomba. Rasimu yake ya kwanza huenda ikawa orodha aliyoinakili kutoka kitabu cha marudio: msamiati wa kibiashara, kuchanganya ndimi, lugha ya ushawishi. Mwalimu anayehukumu ataipa alama sita kwa kumi. Mwalimu anayejenga hatatoa alama yoyote. Atauliza: Nani alisema maneno haya, akimwambia nani? Ni lini muuzaji aliacha Sheng, na kwa nini? Mwanafunzi hana budi kurudi sokoni, aombe idhini ya wauzaji, asikilize, anukuu. Maswali hayo mawili yamemfunza isimujamii kuliko orodha nzima aliyoikariri.

Rasimu ya pili huenda ikafichua ufa mwingine. Mwanafunzi anaandika 'mteja mwenye alikuja' badala ya 'mteja aliyekuja'. Mwalimu anapigia mstari kosa moja na kumwachia mwanafunzi ayasake mengine. Akiliona kosa hilo katika rasimu nyingi, kipindi cha kesho hakitakuwa cha mada iliyoandikwa katika azimio la kazi, bali cha virejeshi. Hapo ndipo tathmini inapokuwa imebadilisha mafundisho. Zaidi ya hayo, mzazi hawezi kuufanya mradi unaopitia mikononi mwa mwalimu mara tatu, tena ukiambatana na maswali ya ana kwa ana.

Yapo mapingamizi ya haki. Darasa lenye wanafunzi 50, kila rasimu ikisomwa kwa dakika tano, linamdai mwalimu dakika 250, yaani zaidi ya saa nne kwa rasimu moja tu. Hakuna mwalimu mwenye vipindi tele atakayemudu mzigo huo. Lakini wanafunzi hao wakigawanywa katika makundi ya watano watano, rasimu zitakuwa kumi na muda utakuwa dakika 50. Mwalimu pia anaweza kusoma kwa jicho moja kila mara: leo hoja, wiki ijayo sarufi. Nao wanafunzi wakipewa orodha fupi ya vigezo, wanaweza kusomeana kazi, na anayelitambua kosa katika kazi ya mwenzake ameanza kuliepuka katika yake.

Vyuo vikuu navyo visijitoe lawamani. Aghalabu kazi za muhula huchukua asilimia 30 ya alama na mtihani wa mwisho asilimia 70, na makala ya mwanafunzi wa shahada ya kwanza humrudia, iwapo yatarudi, yakiwa na tarakimu tu. Ajabu ni kwamba vyuo vivyo hivyo vinaijua vyema njia iliyo bora. Tasnifu ya uzamili ni mradi unaotathminiwa kwa kujengwa: pendekezo hujadiliwa, kila sura husomwa na msimamizi, hurudishwa, huandikwa upya. Hakuna msimamizi anayengoja tasnifu ikamilike ndipo aseme kuwa swali la utafiti lilikuwa na kasoro.

Ikiwa mwanafunzi wa uzamili, aliyekwisha kukomaa katika lugha, anahitaji kusomwa sura kwa sura, mtoto wa Gredi ya 7 anahitaji zaidi. Walimu wa Kiswahili wa kesho wamo katika kumbi za mihadhara leo, na watafundisha kama walivyofundishwa. Mhadhiri atakayerudisha rasimu moja tu ikiwa na maswali mawili badala ya tarakimu, atakuwa ameziba ufa katika madarasa ambayo hatayaona kamwe.