Camelot Unchained: Shikilia pesa zako kwanza

Wewe unayetaka kulipia gemu ambayo haijatoka, ngoja kidogo. Mwaka 2013, Mark Jacobs na kampuni yake ya Marekani, City State Entertainment, waliomba mashabiki mchango kupitia Kickstarter. Zikaingia zaidi ya dola milioni 2. Ahadi ilikuwa gemu itoke mwishoni mwa 2015. Majaribio ya beta yenyewe yalianza 2018, na kufikia 2024 watu walikuwa bado wanangoja.

Na tusidanganyane, wazo lenyewe ni tamu. Kambi ni tatu: wafuasi wa Arthur, Waviking na Tuatha Dé Danann wa hadithi za Ireland. Hupandi ngazi kwa kuua mazimwi porini. Unapanda kwa kupigana na kambi nyingine. Fundi anajenga ngome, adui anaibomoa. Kwa nini kambi tatu? Zikiwa mbili, yenye watu wengi hukanyaga nyingine hadi mchezo uboeke. Zikiwa tatu, wanyonge wawili wanaweza kuungana kumwangusha mbabe, kisha wageukiane. Mkenya hahitaji kufunzwa hiyo hesabu.

Lakini Kickstarter si duka. Ukichanga, unabeba hatari pamoja na mwenye kampuni. Basi wacha itoke. Halafu uone kama intaneti yako ya hapa mtaani itahimili mamia ya watu wakipigania ngome moja, seva ikiwa ng'ambo.