Si Uvivu, Ni Tezi

Mwaka wa pili nilipewa jina hosteli: Bibi Usingizi. Ukiniulizia, ungeonyeshwa kitanda cha chini karibu na dirisha. Nilicheka nao, maana kucheka ni rahisi kuliko kueleza. Ukweli ni kwamba nilikuwa naamka nimechoka kuliko nilivyolala.

Vipimo vya damu vikaja kuonyesha kwamba tezi yangu ya thairoidi, ile yenye umbo la kipepeo mbele ya koo, haitoi homoni ya kutosha. Homoni hiyo ndiyo inayoamua mwili utumie nguvu kwa kasi gani. Ikipungua unachoka, unasikia baridi, unasahau, unaongezeka uzito hata kama huli sana. Nikaandikiwa levothairoksini, kidonge kimoja kila asubuhi. Nikajua yameisha.

Wapi! Miezi mitatu baadaye nilikosa testi ya saa mbili asubuhi kwa sababu sikusikia alamu. Mhadhiri akaniuliza, “Si umeshapata dawa?”

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike. Sisi tumezoea malaria: unameza dozi siku tatu, unapona, unarudi darasani. Tezi haiendi hivyo. Dozi ikibadilishwa, unasubiri wiki sita hadi nane ndipo kipimo cha TSH kiseme kama imetosha. Ndugu zangu, hiyo ni karibu nusu ya semista. Ikikosewa mara moja, semista imekwisha.

Sijifanyi sikuwa na kosa. Nilikuwa nameza kidonge na chai ya maziwa, huku nakimbilia leksha. Kumbe kalsiamu iliyomo kwenye maziwa huzuia dawa isifyonzwe vizuri. Sasa nameza kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, halafu nasubiri nusu saa hadi saa moja kabla ya chai. Niliwahi pia kutaka kumeza viwili ili nichangamke wakati wa mitihani. Daktari akanikataza kabisa: dozi ikizidi, moyo huenda mbio, na ikiendelea kuzidi mifupa hudhoofika.

TSH ikakaa sawa, lakini uchovu ukabaki. Hapo wengi hukata tamaa na kuacha dawa, na mimi nilikaribia. Bahati yangu daktari hakuishia kwenye karatasi ya majibu. Akapima tena, akakuta nina upungufu wa damu. Akauliza nalala saa ngapi, nikaona aibu kumjibu. Nikapewa vidonge vya madini ya chuma, ambavyo navyo vinatakiwa kukaa mbali na kile cha tezi kwa saa nne, basi navimeza usiku. Nikaacha kukesha. Masomo magumu nayasoma asubuhi, mchana nikizidiwa nalala kidogo bila kujitetea kwa mtu.

Najua watakaosema kwamba chuoni kila mtu amechoka, na tukianza kusikiliza uchovu hakuna testi itakayofanyika. Wadanganyifu wapo, sikatai. Lakini ndiyo maana kuna vipimo na barua za daktari. Shida ni kwamba barua inayoeleweka hapa kwetu ni ya aliyelazwa. Mwenye ugonjwa wa kudumu hana dripu ya kuonyesha, anatembea, anacheka, basi anaonekana mzima. Kila akikwama anaanza upya kubembeleza, ofisi moja hadi nyingine, na nguvu zenyewe hana.

Naiomba serikali yetu ya wanafunzi ilibebe hili: barua moja ya daktari, ikabidhiwe mwanzoni mwa semista kwa Mshauri wa Wanafunzi, itambuliwe na idara zote, na anayekosa testi kwa sababu hiyo apangiwe nyingine ndani ya siku zinazojulikana. Siombi alama za bure. Testi iwe ngumu vilevile, nifeli kwa kutokujua, siyo kwa kutokuamka.

Na wewe unayeamka umechoka wiki ya tano sasa, usiseme ni msongo wa masomo tu, wala usije kuniomba kidonge changu. Huenda ni tezi, huenda ni damu, huenda ni moyo uliojaa huzuni. Nenda kapime. Ukihitaji wa kukusindikiza, kitanda changu unakijua.