Tabora Haikuazima Dansi

Kila zilipendwa zinapopigwa redioni, hadithi hurudi ile ile: dansi la Tanzania lilizaliwa Dar es Salaam, likanogeshwa na Wakongo, na mikoa ikaachiwa kazi ya kucheza tu. Si kweli, na Tabora ndiyo inayodhulumiwa zaidi.

Ushahidi wa kwanza uko Dar es Salaam kwenyewe. Western Jazz, waliotamba na mtindo wa Saboso na wimbo "Vigelegele", walianza jijini mwaka 1959. Jina lao lilitoka Jimbo la Magharibi, ambalo makao yake makuu yalikuwa Tabora. Huko ndiko walikotoka waanzilishi, akina Iddi Nhende.

Tabora mjini nako hakukuwa kimya. Kiko Kids ya Salum Zahoro ilikuwa ikipiga tangu enzi za mkoloni. Wakavuma Nyanyembe Jazz, waliobeba jina la Unyanyembe, na Tabora Jazz wenye mtindo wa Segere Matata. "Dada Asha", utunzi wa Shem Karenga, ni wimbo wa Tabora Jazz. Orchestra Maquis, bendi kubwa ya Wakongo jijini, ilihamia Dar es Salaam miaka ya 1970. Ilikuta dansi limeshapamba moto bara.

Kosa limetokana na studio. Bendi za mikoani zilisafiri kwenda kurekodi RTD, redio ya taifa jijini Dar es Salaam, na santuri nyingi zikachapwa Nairobi. Mpiga gitaa alipanda treni ya reli ya kati, chombo chake kikiwa kimebanwa kati ya magoti na madumu ya asali, akasafiri kilometa 840 hivi. Kisha wimbo wake ukarudi Tabora hewani, ukitanguliwa na sauti ya mtangazaji: Redio Tanzania Dar es Salaam. Msikilizaji akadhani umetoka huko.

Wala muziki haukufika Tabora na reli mwaka 1912. Wavumbuzi Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, ndiyo Tabora ya sasa, mwaka 1857, wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wakienda pwani na kurudi kwa nyimbo na ngoma, kirangozi, kiongozi wa msafara, akiwa mbele. Mji uliokusanya watu wa Ujiji, Bagamoyo na Usukuma, wote wakielewana kwa Kiswahili, ulikuwa na kila sababu ya kuzaa bendi zake.

Kwa hiyo watangazaji warekebishe leo hii. "Dada Asha" ikipigwa, atajwe mtunzi, itajwe bendi, na utajwe mji: Tabora.