Nani anashika skrini ya WiFi ya mtaa?

Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi kama Umoja, Kayole, Dandora na Pipeline, intaneti ya nyumbani mara nyingi huletwa na mfanyabiashara mdogo anayeinunua kwa jumla na kuisambaza ploti kwa ploti, nyaya zikivutwa kutoka roshani hadi roshani. Biashara nzima huendeshwa kwenye skrini moja. Wengi hutumia ruta za MikroTik, kampuni ya Latvia, pamoja na programu yake ya Winbox. Humo wateja wamepangwa kwenye orodha, kila mmoja na kasi aliyolipia, na alama iliyo kando ya jina lake hutoka kijani ikawa manjano, kisha nyekundu, kadiri anavyokaribia kikomo chake. Kubofya mara chache kunatosha kumkatia mtu au kumpunguzia kasi. Zana nyingine ya ruta hiyo hiyo, Torch, huonyesha papo hapo anwani ambazo vifaa vya mteja vinawasiliana nazo. Uwezo huu ni wa lazima, kwani hakuna fundi anayeweza kupanda ghorofa saba kila mteja anapolalamika. Lakini mwenye skrini ana mamlaka juu ya mtaa mzima, na mteja hana njia ya kujua ni nani aliyeketi mbele ya skrini hiyo jana usiku. Mamlaka ya Mawasiliano (CA) inafaa kuifanya rekodi ya matumizi ya skrini hiyo kuwa sharti la leseni.

Wakenya si wageni wa hoja hii, ila tumezoea kuielekeza kwa serikali na kampuni kubwa. Mwaka wa 2013, watafiti wa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto waliitaja Kenya miongoni mwa nchi zenye PacketShaper, mitambo ya Blue Coat ya kupima na kudhibiti mawasiliano. Waliigundua kwa kuipekua intaneti tu. Kisha ikaja kesi ya mwanaharakati Okiya Omtatah dhidi ya mfumo wa CA wa kukagua simu, uliokusudiwa kuunganishwa na mitandao ya kampuni za simu. Jaji John Mativo aliuharamisha Aprili 2018 akizingatia haki ya faragha, na Mahakama ya Rufaa ikabatilisha uamuzi huo Aprili 2020. Ubishi ule ulistahili. Hata hivyo, Kifungu cha 31 cha Katiba hakibagui: faragha ya mawasiliano ya mkazi wa Kayole huvunjwa vilevile na kijana mwenye nywila ya Winbox kama inavyovunjwa na ofisa wa serikali.

Wala si lazima kijana huyo awe na nia mbaya. Mwaka wa 2018 Winbox ilipatikana na tundu lililomwezesha mtu wa mbali kusoma nywila za ruta ambayo skrini yake iliachwa wazi kwa intaneti. MikroTik ilitoa kiraka Aprili mwaka huo huo. Ilipofika Agosti, ruta zaidi ya 200,000, nyingi zikiwa Brazil, zilikuwa zimetekwa na kupachika kurasa za watumiaji programu ya kuchimba sarafu za kidijitali. Kiraka kilikuwepo, bila malipo, na wenye ruta hawakukiweka. Wakubwa nao hawakusalimika: Oktoba 2024 Fortinet ilikiri tundu katika FortiManager, mfumo ambao mashirika huutumia kusimamia ngome zao zote za mtandao kutoka mahali pamoja. Anayeiteka skrini ya usimamizi hahitaji tena kuivamia nyumba moja moja.

Wapo watakaosema kwamba masharti haya yatawaua wafanyabiashara wadogo na kuwarudisha wakazi mikononi mwa kampuni ghali. Hofu hiyo ina msingi, maana bei ndiyo iliyoleta WiFi Eastlands. Lakini ninachodai hakinunuliwi. Kuifunga skrini isifikiwe kutoka nje, kumpa kila fundi akaunti yake badala ya wote kutumia “admin”, kutuma kumbukumbu za aliyeingia kwenye kompyuta nyingine, na kufuta akaunti ya fundi siku anapoacha kazi: yote yamo ndani ya programu waliyo nayo tayari. Kanuni za 2021 za kusajili wanaoshughulikia data binafsi husamehe biashara nyingi ndogo, ila si watoa huduma za mawasiliano. Udogo basi haujawahi kuwa kinga hapa.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba ujumbe wa WhatsApp na kurasa za benki vimefungwa kwa usimbaji, hivyo mwenye ruta haoni kitu. Haoni maneno, kweli. Anaona nyumba gani iko macho saa nane usiku na mara nyingi anaona inatembelea tovuti zipi, iwe ya kliniki, ya kamari au ya chama cha siasa. Anaweza pia kubadilisha DNS, mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, ili anayetafuta tovuti moja apelekwe nyingine, mteja abaki akitegemea onyo la kivinjari ambalo wengi hulipita bila kusoma. Kwa mpangaji ambaye mwenye WiFi wake ni jirani, pengine ndugu wa keyateka, habari hizo zina uzito kuliko zingekuwa nazo katika ofisi ya mbali. Akishuku kwamba zimevuja, leo hana karatasi ya kumwekea Kamishna wa Data mezani. Kumbukumbu ya nani aliingia, saa ngapi na akabadilisha nini ingempa ushahidi huo, na fundi mwaminifu angekuwa na cha kujitetea nacho.