Chagua Mbinu Moja Ukae Nayo

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, kazi ilinikaba koo. Leo siandiki kuhusu simu mpya wala lugha za programu. Nataka kuongea na nyinyi mnaofanya utafiti, na hasa nyinyi mnaowaongoza wanaoufanya, kwa sababu kuna jambo linaniudhi.

Miezi michache iliyopita alinijia binti mmoja anayesomea shahada ya uzamili. Tumetoka mtaa mmoja, ananiita kaka. Utafiti wake unahusu wenye vioski. Wanaweka kwenye simu programu ya kutunza hesabu za duka, wanaitumia wiki mbili tatu, kisha wanaiacha na kurudi kwenye daftari. Anataka kujua ni kwa nini. Swali zuri kabisa. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika programu ya aina hiyo ikafa kifo hicho hicho, kwa hivyo nilitega masikio.

Kisha akanionyesha mpango wake. Hojaji yenye maswali 64 kwa wenye vioski 300. Mahojiano ya ana kwa ana na watu 30. Vikundi vinne vya majadiliano. Juu ya hayo, kumbukumbu za matumizi kutoka kwa wenye programu, kama wangekubali kuzitoa. Alitaka nimwandikie programu ya simu ya kukusanya yote hayo mahali pamoja. Muda aliokuwa nao ni miezi sita. Msaidizi hana.

"Kaka, hii inaitwa mbinu mseto," akaniambia. "Msimamizi wangu ameipenda."

Sikucheka, maana nilikumbuka katoni. Chini ya kitanda changu, nyumbani kwa wazazi, kuna katoni ya hojaji zaidi ya 200 zilizojazwa kwa kalamu. Ni za utafiti wangu mwenyewe wa chuoni. Nilikuwa na hojaji, nilikuwa na kanda za mahojiano, nilikuwa na kumbukumbu za seva, na kila nilipokwama kwenye moja nilirukia nyingine nikidhani ndiyo yenye jibu. Sikuwahi kuandika sura ya matokeo. Mama bado huniuliza kama anaweza kuwashia jiko makaratasi yale.

Mfano ninaopenda kuwapa watu haumo kwenye mambo ya tarakilishi, umo Busia. Mwaka 1998 kulianza huko mradi wa kuwapa watoto wa shule dawa za minyoo. Shule zilikuwa 75, wanafunzi zaidi ya 30,000. Wachumi Michael Kremer na Edward Miguel walitaka kujua kama dawa hizo zinawafanya watoto wahudhurie shule zaidi. Pesa hazikutosha kuzianzisha shule zote kwa mpigo, hivyo ziligawanywa makundi matatu ya shule 25. Kundi la kwanza lilianza 1998, la pili 1999, la tatu 2001. Waliokuwa bado wanangoja ndio waliolinganishwa na waliokwisha kupata. Basi, mbinu yote ndiyo hiyo, unaweza kumweleza mtu kwenye matatu akaielewa kabla hajashuka.

Sasa tazama walivyoinoa. Hawakuamini rejista za walimu. Walituma watu shuleni bila taarifa, wakahesabu watoto waliopo siku hiyo. Ni kazi ya kuchosha, lakini ulinganisho wote ulisimama juu ya hesabu hiyo, na hesabu mbovu ingeuangusha. Ndiyo, walikuwa na vipimo vya minyoo pia, na hojaji, na mitihani. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea. Mbinu moja si chombo kimoja. Unaweza kuwa na vyombo vitano vyote vinavyotumikia ulinganisho mmoja. Alichokuwa nacho dada yetu ni kinyume chake, tafiti nne zilizofungwa kamba moja.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2004, na Kremer ni mmoja wa watatu waliopata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Lakini kwetu sisi tunaoandika msimbo, sehemu tamu ni iliyotokea 2015. Watafiti wengine walichukua data na msimbo wa utafiti ule wakaupitia upya, wakakuta makosa. Moja lilikuwa la kiprogramu hasa. Katika kupima manufaa yaliyowafikia watoto wa shule jirani, msimbo ulihesabu shule 12 tu zilizo karibu zaidi, badala ya zote zilizo katika umbali uliokusudiwa. Kila mwandishi wa programu ameshawahi kuacha kikomo cha namna hiyo ndani ya msimbo wake akakisahau! Baada ya kusahihisha, manufaa yaliyodaiwa kwa shule za mbali, kati ya kilomita 3 na 6, hayakusimama tena. Ubishi ukawaka, wengine wakatilia shaka utafiti wote, wenyewe wakakubali kosa na kutetea kiini cha kazi yao.

Unaweza kuchukua upande wowote katika ubishi ule. Mimi ninachokiona ni kwamba kosa lilipatikana. Mbinu ilikuwa moja, imeandikwa wazi, na mtu mwingine aliweza kuweka kidole mahali penye ubovu. Katoni yangu hakuna awezaye kuikosoa, kwa sababu haisemi kitu.

Najua watakaonipinga. Mtaniambia mbinu moja ina upofu wake, namba hazisemi sababu na mahojiano hayasemi wingi. Kweli kabisa. Mkiwa timu, mna pesa na miaka mitatu, changanyeni. Mwanafunzi peke yake akichanganya, kwa kawaida anakwepa kuchagua, na msimamizi anayemsifu kwa hilo amemtupa. Hapa kwetu kuna gharama nyingine pia. Utafiti unahitaji leseni ya NACOSTI na kibali cha kamati ya maadili, na ukibadilisha mbinu katikati ya safari unarudi kupanga foleni. Tena tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, taarifa za watu hazikusanywi tu kwa sababu huenda zikafaa siku moja.

Basi nilimuuliza binti maswali mawili. La kwanza, ni jibu gani likikujia litakuonyesha kwamba ulikuwa unawaza vibaya? Alinyamaza muda mrefu. La pili, katika hizi nne, ni ipi inayoweza kukuletea jibu hilo? Tukaanza kupunguza. Kumbukumbu za matumizi zingemwambia ni siku gani mtu aliacha, si kwa nini. Hojaji ya maswali 64 mwenye kioski angeijaza akiwa anauza sukari, kwa majibu ya kumridhisha mgeni. (Na kwa hojaji hamnihitaji mimi. ODK ipo tangu 2008, ni ya bure, na inafanya kazi hata pasipo mtandao.) Kilichobaki ni kuketi kioskini na kutazama, halafu kuuliza juu ya kile alichokiona.

Alijaribu kwenye vioski vitatu kwanza. Siku ya kwanza alienda saa nne asubuhi akarudi mikono mitupu. Kioski cha tatu alienda jioni, watu wanapotoka kazini. Hapo ndipo akaona mambo. Foleni ya unga na maziwa, mwenye kioski anauza, anarudisha chenji, anakopesha, na simu ambayo ingehitajika kurekodi ndiyo hiyo hiyo anayopokelea malipo. Deni analiandika kwenye daftari kwa alama mbili za kalamu. Baada ya hapo tulibadilisha saa za kutembelea, tukabadilisha na swali lenyewe. Hakuuliza tena "kwa nini uliacha", bali "jioni ile ya mwisho ulipoitumia, ilikuwaje". Akaandika utaratibu kurasa mbili, akatia tarehe, akampelekea msimamizi, na tukakubaliana haubadilishwi tena, kama sisi tunavyofunga toleo la programu kabla ya kulitoa.

Wiki ya nne alinipigia usiku. Alikuwa ameona tasnifu ya mwenzake yenye chati za rangi, akataka arudishe vikundi vya majadiliano. "Kaka, yangu itaonekana nyepesi." Nikamwambia hapana. Tukazozana, akakata simu, hatukuongea kwa siku nane. Nilijiuliza kama nimemlazimisha alipie kosa langu mimi.

Jumamosi iliyopita alinitumia ujumbe. Amemaliza vioski 11 kati ya 18 alivyopanga, na wenye vioski tisa, bila kuulizwa, wamemwonyesha jioni ile ile, foleni ile ile, simu ile ile moja. Anaandika kwa kalamu kwenye daftari la shilingi 50. Programu aliyoniomba sijaandika hata mstari mmoja.